Mchoro Chini ya Dole la Bwana Lali

Wanangu, magoti yangu hayazikubali tena ngazi za chumba cha nyaraka. Siku ya kuaga nilizipanda mara ya mwisho, nikapumzika mara tatu, na nilipofika juu niliwakuta mmeshaanza kupiga picha karatasi kwa simu zenu. Nilifurahi. Pia nilichoka kwa kuwatazama tu, maana mwaenda mbio mno. Ndipo nikaamua niketi huku chini niwaandikie, kwa kuwa ninayotaka kuwaambia hayakutoshea katika ile hafla ya chai na kaimati mliyonifanyia.

Kwanza mjue tulikuwa tukitafuta nini, maana najua wengine wenu mmeingia kazini bila kuelezwa. Wakati wa shifta, wale waasi wa mpakani, watu wengi wa visiwa vya kaskazini na wa upande wa Kiunga walikamatwa wakapelekwa kortini. Mmoja alishtakiwa kuvua saa zilizokatazwa, mwingine kuwapelekea shifta unga na mafuta ya taa. Wako waliofungwa na wako walioachiliwa, lakini karibu wote walirudi nyumbani na karatasi: hati ya mashtaka, barua ya gerezani, cheti cha kuachiliwa. Kazi yetu ilikuwa kuzipata karatasi hizo kabla ya mchwa kuzipata. Pamoja na karatasi, tulikuwa na lile daftari kubwa la jalada la kijani mnaloliona kwenye kabati la tatu. Kila aliyeshtakiwa tulimwomba aandike humo jina lake.

Daftari lilikuwa fikra ya Bwana Shekue, mzee wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, aliyenifundisha kazi. Alikuwa akisema kwamba kortini jina la mtu huandikwa na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Basi na pawe na mahali pamoja alipoliandika yeye.

Nianze na yale mepesi. Ukienda nyumba ya mtu kutafuta karatasi, usiulize karatasi. Uliza hali, uliza wagonjwa, kunywa kahawa, na usiufungue mkoba wako mpaka kikombe kiwe kitupu. Mwanamume atakwambia hana kitu, na hasemi uongo, hajui. Karatasi ziko kwa mkewe au kwa mamake, ndani ya kasha, chini ya kanga za arusi, na karafuu zimetiwa ndani kuzuia wadudu. Ndiyo sababu Bwana Shekue aliniajiri mimi mwanamke. Yeye miaka yote alikuwa akiishia barazani.

Karatasi iliyokunjwa miaka mingi usiikunjue kwenye upepo. Ilaze ndani ya sanduku pamoja na kitambaa chenye unyevu, uiache ilegee yenyewe siku nzima. Selotepu msiilete karibu. Nimetumia miezi mingi ya umri wangu nikibandua selotepu iliyobandikwa na watu wenye nia njema. Na karatasi ya asili, ikiwa mwenyewe hataki kuachana nayo, mwachieni. Chukueni nakala, mshukuruni, mrudi mwaka ujao kumsalimia bila kuomba kitu.

Tena msidharau karatasi iliyoharibika. Kiunga nilimkuta Bi Mwanamkuu, ambaye mumewe alishtakiwa kwa mafuta ya taa. Nilipouliza hati ya mashtaka alinitolea karatasi ya zambarau, haina neno hata moja.

"Hini ndiyo," alisema.

"Imepatwa na nini, Bi?"

"Nimeiosha." Aliniona sijaelewa, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto. "Aya za kombe si huandikwa kwa zafarani ukazitia mayi, ukamnywesha mgonjwa? Basi na mimi niliyaosha mashtaka. Nimeyaosha kwa mayi ya marashi mpaka yametoka yote."

"Na mayi yake uliyafanya nini?"

"Niliyamwaga baharini. Ningemnywesha nani uovu ule?"

Mumewe, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka mpaka akakohoa. "Nami niliachiliwa siku ya tatu," alisema. "Sasa mwambie hakuyaosha vyema."

Ilikuwa nakala ya wino wa zambarau unaoyeyuka kwa maji, ndiyo maana maneno yalitoka. Nimeiweka. Kadi yake inasema: hati ya mashtaka, imeoshwa na mke wa mshtakiwa. Wageni wengi wanaokuja kuitazama hudhani tunawatania.

Mume huyo ndiye pia aliyetia sahihi kurasa tatu za daftari. Ya kwanza hakuipenda, ya pili akasema imefanana na ya kakake, ya tatu ndiyo akairidhia. Alinikataza nisizikate zile mbili. Sikuzikata.

Haya, nimeyatanguliza mepesi kwa sababu hili la pili lanichosha kulisimulia, hata leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Bwana Shekue alikuwa ameokoa fungu la karatasi za korti kutoka stoo moja iliyokuwa ikisafishwa. Akanipa nizipange na kuziandikia kadi, yeye akaenda Mombasa kutibiwa macho. Nilitaka arudi akute nimemaliza. Nilikuwa kama nyinyi, mbio.

Ndani ya fungu hilo mlikuwa na maelezo ya mshtakiwa mmoja wa Kiwayu, jina lake Bwana Lali. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa. Ulisema kwamba yeye Lali amekiri kuwapelekea shifta gunia la unga, na kwamba aliyemsaidia kulibeba ni jirani yake, Bwana Famau. Chini palikuwa na dole gumba la wino. Na chini ya dole palikuwa na kitu kingine: mkwaruzo wa kalamu, mfupi, umepigwa mistari miwili juu yake, na mhuri umeangukia nusu yake. Nilitazama kidogo nikaandika kwenye kadi: "Pametiwa dole. Chini yake pana mchoro usiosomeka." Nikachukua karatasi iliyofuata.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kiwayu kutafuta sahihi za daftari. Bwana Lali alikuwa kwenye orodha yangu. Kwa kuwa kadi ilisema dole, nilijiambia huyu hajui kuandika, na ili nisimwaibishe nilimbebea pedi ya wino. Nilijiona nina adabu sana.

Alinikaribisha vizuri. Tulikunywa kahawa, tukala tende. Kikombe kilipokwisha nilifungua mkoba, nikaweka daftari mkekani, na juu yake nikaweka ile pedi, nikaifunua.

Bwana Lali aliitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kofia yake nyeupe safi. Akaficha mkono wake wa kulia ndani ya kikoi.

"Dole langu mnalo huko kwenu," alisema. "La pili mwalitaka la nini?"

"Ni kwa kumbukumbu, Bwana Lali. Jina lako liwe pamoja na ya wenzako."

"Mimi nilishaandika. Atakao kusoma, asome." Akainuka. "Mashua yako yangoja. Ndoo, uonyeshwe ndia."

Aliyenionyesha njia ni bintiye, Mwanaesha, rika langu. Tulipofika mchangani alisimama akanikabili.

"Dada, umetuletea wino? Babangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Barua zote za muyi hunu, za posa, za talaka, za wagonjwa, ameziandika yeye. Kwa khati ya Kiarabu. Hata majina ya mashua ameyaandika yeye."

"Lakini kortini alitia dole."

"Karani aliyemwandikia maelezo hakuitambua khati ile. Alimwambia, hayo si maandishi, tia dole. Na baadaye karatasi ikasomwa mbele ya watu, ikasema Famau. Babangu hakumtaja Famau! Famau alifungwa miaka miwili, na tangu arudi hajamwamkia. Watu waliokua pamoja! Waswali msikiti mmoja, mmoja mwanzo wa safu, mmoja mwisho. Famau asema: ulitia dole, basi ni maneno yako. Na babangu hajui amjibu nini, ila asema aliandika, aliandika. Aliandika wapi? Nani aliiona?"

Nilirudi Lamu nikamweleza Bwana Shekue yote. Jicho lake moja lilikuwa bado limefungwa bendeji.

"Hukumuuliza kama aandika?"

"Kadi ilisema dole."

"Kadi! Na kadi kaandika nani?"

"Mimi."

"Basi ulikwenda Kiwayu ukajisikiliza mwenyewe." Hakunikaripia zaidi. Alinipa kanuni moja tu, nami nawapa nyinyi: ukirudi kutoka kwa mwenye karatasi, itoe karatasi yake uisome upya, kwa kuwa sasa unajua jambo ambalo hukulijua ulipoisoma mara ya kwanza.

Sikuitoa. Nataka mlielewe hili, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Lile la pedi lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga husameheka. Lakini Mwanaesha alikuwa ameniambia waziwazi kwamba babake aliandika, kwa khati ya Kiarabu, na kwamba karani hakuitambua. Ningeinua mkono tu nikafungua kabati. Sikuinua, kwa sababu nilikuwa na haya, na kila nilipoliona jalada lile nilihisi uso wangu ukipata moto. Nikaanza kulipita. Pedi niliitupa, nikawa natembea na kalamu, na kila mzee nikamuuliza kwanza, "Huandika khati gani?" Kurasa nzuri kabisa za daftari ni za miaka hiyo. Watu walinisifu. Na jalada la Bwana Lali likakaa kabatini, hatua tatu kutoka kiti changu, miaka kumi na tisa.

Bwana Shekue alifariki katika miaka hiyo, Mungu amrehemu. Kisha akafariki Bwana Famau.

Baada ya eda, mjane wake, Bi Zena, aliniita nichukue barua zilizokuwa katika kasha la mumewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alizitoa moja moja, akizilaza juu ya mkeka.

"Hizi ni za zamani, kabla ya shifta. Famau hakujua kuandika. Aliyemwandikia ni Lali, na kila barua alimwachia nakala." Alikikunja kitambaa kilichokuwa kimezifunga. "Sikutarajia kuzikuta. Aliapa hataki kuliona hata jina lake. Na huku amezifunga kwa kitambaa."

Ile ya juu kabisa ilikuwa barua ya posa, ya kumposa yeye Bi Zena. Alipoolewa, ilirudi kwa Famau pamoja na vyombo vyake.

Nilizisoma barua zile kwa wiki nyingi kabla ya kumrudishia. Khati yake ilikuwa ya kasi, nukta chache, na alikuwa na desturi yake ya kumaliza jina: mkia wa herufi ya mwisho hakuuacha ushuke mbele, aliurudisha nyuma, ukapita chini ya jina zima mithili ya mstari. Lali, na mkia chini yake. Lali, na mkia chini yake. Mwishowe niliuona mkono ule, yaani mwandiko wake, hata nikifumba macho.

Asubuhi moja alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu, akaomba kuona lile fungu la kwanza la korti. Nililiweka mezani, nikawa namfungulia jalada moja baada ya moja. Tulipofika kwa Bwana Lali niliona dole, mistari miwili, mhuri. Na chini ya mhuri niliona mkia uliorudi nyuma.

Nilimwomba yule mwanafunzi aniletee maji. Aliporudi nilikuwa nimeshausogeza ukurasa dirishani. Sikuhitaji hata kioo cha kukuzia. Palikuwa na maneno matatu, hayana nukta, yanasomeka.

"Sikusomewa haya. Lali."

Wanangu, mimi nilikhitimu Kurani nikiwa na miaka tisa. Khati ile niliijua kabla ya ABC. Nyanya yangu alikuwa akinisomea tenzi kutoka madaftari ya khati ileile. Mgeni kutoka mbali angeandika "mchoro usiosomeka" nisingemlaumu. Lakini mimi? Niliona mhuri wa serikali, niliona chapa, nikaona dole, nikawa nimeshaamua kwamba karatasi hii haiwezi kuwa na maandishi yetu. Karani wa korti na mimi tulifanya kosa moja, na yeye alikuwa na udhuru kunizidi.

Nilipiga nakala mbili na kwenda Kiwayu wiki hiyohiyo. Nilipita kwanza kwa Bi Zena. Sikumwambia kitu, nilimwomba tu anifuate kwa Bwana Lali.

"Sijakanyaga nyumba hiyo tangu mume wangu atoke gerezani."

"Najua, Bi Zena. Nakuomba."

Alinitazama, akachukua buibui lake.

Bwana Lali alikuwa ameketi palepale. Macho yalikuwa yameshamwacha. Aliona mwanga na vivuli basi. Mwanaesha, naye sasa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alimnong'oneza nani waliokuja. Mzee akasogea mkekani, akaacha nafasi.

Nilimpa Bi Zena nakala. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Ilimchukua muda.

"Sikusomewa haya," alisoma. "Lali."

Mzee aliinua uso kuelekea sauti yake.

"Mkono wako huu, Bwana Lali," alisema Bi Zena. "Barua ya posa yangu uliiandika weye. Mkia huu naujua."

"Nilimwambia Famau."

"Ulimwambia."

"Nilimwambia, niliandika palepale mbele yao. Akaniambia nionyeshe. Ningemwonyesha nini? Karatasi waliichukua wao." Akageuza uso kunitafuta. "Ameisoma nani kwanza?"

"Mimi, Bwana Lali. Wiki hii."

"Na ilikuwa kwako tangu lini?"

Njia nzima ndani ya boti nilikuwa nimejitengenezea maneno: fungu lilikuwa kubwa, mhuri ulifunika, nilikuwa mchanga. Yote ni kweli. Niliyaacha.

"Tangu kabla ya siku ile niliyokuja na wino."

Bi Zena aliteremsha ile nakala. "Famau alikuwa hai," alisema.

"Ndiyo. Alikuwa hai."

Hakuna aliyenifariji, na msidhani nawasimulia ili nyinyi mnifariji. Mwanaesha aliinuka akaenda kuteleka kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Bi Zena alikunja nakala yake mara mbili, akaitia kifuani. "Hini ni yangu," alisema. "Nitaitia kashani na barua zake." Halafu, bila kuambiwa, alivuta sahani ya tende, akachagua moja laini, akamtia Bwana Lali mkononi. Mzee aliila polepole, na kokwa akabaki nayo ndani ya kiganja kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Ikapita muda. Kisha akaniita.

"Una daftari?"

"Ninalo."

"Na kalamu?"

"Ninayo kalamu."

"Basi leo umekuja na kitu cha maana."

Mwanaesha alimwekea mkono juu ya ukurasa. Aliandika bila kuona, kutoka kulia, na mstari ulipanda kidogo kuelekea juu, lakini herufi zilikuwa zilezile. Aliandika neno moja na jina lake, na mkia akaurudisha nyuma mpaka mwisho. Kisha akanirudishia kalamu, akasema amechoka.

Mwaka huo haukuisha, naye akafariki.

Mmenisikia mara nyingi nikisema kwamba kadi haifutwi. Ukikosea, piga mstari mmoja mwembamba ili kosa liendelee kusomeka, andika lililo sahihi chini yake, kisha jina lako na tarehe. Watakaokuja wana haki ya kujua tulijua nini na tulikijua lini. Nilifanya hivyo. Kabati la tatu, jalada la Bwana Lali. Mtaona "mchoro usiosomeka" kwa maandishi yangu ya usichana, mstari mmoja juu yake, na chini, kwa maandishi ya mtu mzima: "Sikusomewa haya. Lali." Tarehe mbili, na miaka kumi na tisa kati yake. Msikubali mtu aiandike kadi ile upya ati ipendeze.

Kisha fungueni daftari la kijani, karibu na mwisho, penye ukurasa wenye mstari uliopanda. Mkishindwa kuisoma khati, jifunzeni. Chuo kiko karibu na mna macho mazuri. Lakini kwa leo nitawasomea mimi. Pameandikwa: "Nimesomewa. Lali."